Kuku Mwenye Utepe Mwekundu

Jumatatu, 6 Agosti 1956. Shinyanga.
Mama Esta kaondoka na lori asubuhi, kwenda Runzewe kumuuguza mama yake. Kamchukua na Esta. Kaniachia dagaa na masharti. Mimi, karani wa pamba, mtu mzima! Sawa tu. Jana gari la sinema lilileta picha ya Mzungu ambaye mkewe kasafiri, naye akaanza kumnyemelea jirani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mkanda ukakatika katikati. Upuuzi mtupu! Lakini jirani ninaye: Nyamizi, mjane, muuza vitumbua.

Jumatano, 8 Agosti.
Nimemtafuta Maduhu, yule mkalimani anayetueleza sinema kwa Kisukuma kwenye kipaza sauti. Nikamuuliza Mzungu alimpataje jirani. Akaniuliza nataka kujua kwa nini. Nikamweleza yote, mwanaume kwa mwanaume. Akasema alimpelekea kuku. Mtetea, mzima, kafungwa utepe mwekundu. Akaapa.
Utepe nimeuzungukia mji mzima!

Alhamisi, 9 Agosti.
Nyamizi kapokea kuku kwa mikono miwili. Akasema asante, shemeji. Shemeji! Hasira zikanipanda, ila kuku hakumrudisha. Nimemwalika sinema ya Jumamosi. Kasema atakuja bila kukosa.

Jumamosi, 11 Agosti.
Mshenzi Maduhu! Mzungu wa picha ile ile kutokea tu, akatangaza kwamba huyo ni Ignas, karani wa pamba, mkewe yuko Runzewe, na sasa anatafuta utepe wa kumfunga kuku. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikageuka kumtafuta Nyamizi. Ubavuni pake kakaa Mama Esta, vumbi la lori bado kichwani, kampakata mtetea wangu! Kumbe Nyamizi alimtumia habari kwa dereva wa lori. Mke wangu hakunitukana. Aliniambia nikae, picha haijafika mwisho. Nikaondoka. Nikae nitazame picha ya kunidhalilisha?

Jumapili, 12 Agosti.
Kuku wamemla, wao wawili na Esta. Nimeachiwa utepe. Mama Esta kafunga mizigo, mpaka chungu alichopewa na mama yake. Kasema anarudi Runzewe, na safari hii hana mgonjwa wa kumuuguza. Esta kaniamkia shikamoo kama anayeaga mgeni. Imeniuma.
Yote haya kayaleta Maduhu! Nyumba kimya. Upande wa pili wa ukuta namsikia Klara, mshona nguo, anaimba. Mumewe yuko mgodini Geita. Nimekaa nikafikiri sana, na nimeona nilipokosea. Utepe bado ninao. Safari hii napeleka jogoo.