Mtaji Ulio Chini ya Kitambaa cha Buluu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, unayemfuata Mwenyekiti, Katibu wangu, ambaye ni macho yangu, masikio yangu na, inapofika mwisho wa mwezi, mkono wangu, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Viti, wajumbe wa Kamati Ndogo Zaidi ya Chai, wazee wetu mliokaa mbele kwa heshima na ninyi mliokaa mbele kwa kuwahi, mama zetu, kinyozi wa mtaa huu, ninayekuona hapo dirishani na kitana mkononi kana kwamba tumekuja kunyolewa, na wananchi wote kwa kadiri ya vimo vyenu: kama yupo ambaye sijamtaja, ajihesabu nimemtaja kati ya Mwenyekiti na Makamu wake, pale nilipovuta pumzi. (Makofi. Kinyozi anapunga kitana.)

Nimesimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi wa Idara ya Mitaji Midogo na Midogo Zaidi, kuuzindua rasmi, kwa awamu ya majaribio, Mradi Jumuishi wa Kumwezesha Mwananchi Kuanzisha Biashara ya Pembeni kwa Mtaji Usiotosha. (Sauti: "Usio nini?") Usiotosha, ndugu yangu. Ukitosha si mdogo.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa mwenyewe, yuko njiani na mpiga picha wake, na imeonekana ni vyema nianze kuzungumza mapema ili akifika akute mmeshanizoea. Kabla hajafika, naomba mnisamehe kwa hali ya koti hili. Najua mnalitazama. (Kicheko.) Wala si mimi peke yangu. Tangu mwezi uliopita maafisa wote wa idara yangu wamekuwa wakiingia kazini wamekunjamana kuanzia kola hadi pindo, kana kwamba tunalala ndani ya mafaili, na sababu haijulikani. Nimeunda kamati ya kuichunguza mikunjo hiyo. Ripoti yake ya awali imenifikia, nayo imekunjamana. (Sauti ya mwanamke katikati ya ukumbi: "Sababu mimi naijua!") Maswali baadaye, mama yangu.

Sasa niwape historia ya mradi, maana mradi bila historia ni kama ofisi bila kalenda ya mwaka jana. Kwanza tulijiuliza: mdogo ni nini? Swali hili, wananchi, si la kujibiwa mtu akiwa amesimama. Tulikwenda semina, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na siku ya kwanza wataalamu waliafikiana, bila kupingwa, kwamba mdogo si mkubwa. Tukapumzika. Siku zilizofuata tulijenga juu ya msingi huo. Tatizo likajitokeza: mfuko wetu ulikuwa mkubwa mno, mkubwa kiasi cha kuutia aibu mradi wenye jina kama hili. Tukasema, la hasha, hatutawadanganya wananchi. Tukaufanyia kazi. Tukaupunguza kwa semina, tukaupunguza kwa warsha, tukaupunguza kwa ziara ya mafunzo ya kwenda kuona jinsi wenzetu wanavyopunguza, na leo natangaza, kifua mbele, kwamba mtaji umefikia udogo unaokubalika kitaalamu. (Makofi ya Katibu peke yake.) Upembuzi yakinifu unaonyesha kuwa asilimia mia moja na nne ya walengwa wanauhitaji. Hao wa ziada ni majirani waliokuwa wakisikiliza dirishani tulipokuwa tunahoji.

Katika upembuzi huo ndipo watafiti wangu walipomkuta shangazi yetu, mpiga pasi wa nyumba ya kona, ambaye nasikia mnamwita Shangazi hata ninyi mnaomzidi umri. (Sauti ileile: "Nipo hapa, baba. Endelea kunisimulia.") Ah, Shangazi! Karibu. Basi, wananchi, huyu mama walimkuta ameketi barazani kwake na pasi moja ya mkaa, ananyoosha nguo za watu, na kila mteja, sikilizeni jambo hili la kusikitisha, kila mteja anafika na nguo zake begani na kopo la mkaa mkononi. Nguo na mkaa wake! Anayekuja mikono mitupu hurudishwa, awe nani. Inasemekana alianza hivyo siku alipokuwa na pasi lakini hana senti ya kununulia mkaa, na watu wakazoea, naye akazoea, na hakuna aliyewashtua. Mtaalamu wangu akamuuliza, "Mama, mtaji wako wa uendeshaji uko wapi?" Akajibiwa, "Unakuja na kopo." (Kicheko kirefu. Kinyozi: "Mwambie huyo, Shangazi!") Msicheke. Mtaalamu yule ilibidi apewe likizo.

Kitaalamu hiyo si biashara, ni mazoea. Ndiyo maana tulimweka Shangazi wa kwanza kabisa miongoni mwa wanufaika wetu mia tatu. Na hapa naomba mlielewe sharti letu, ambalo ni moja na ni la haki: huu ni mradi wa kuanzisha, na mtu aliyekwisha kuanza hawezi kuanzishwa, kama ambavyo mtoto aliyekwisha kuzaliwa hawezi kuzaliwa upya kwa sababu tu mkunga amechelewa kufika. Mwenye pasi hapewi pasi. Kwa hiyo tulimwomba Shangazi aikabidhi pasi yake idarani ili awe mhitaji kamili, naye, kwa uzalendo mkubwa, akaikabidhi.

(Shangazi anasimama: "Uzalendo gani? Mliniambia, Shangazi, tupe hiyo kuukuu, wiki ijayo unaletewa ya umeme, na meza, na mwavuli wa kukaa chini yake. Mwezi umepita! Wauguzi wa hospitali wamenivumilia hadi wamechoka. Jana wamekuja, wananiambia, Shangazi, tunakupenda, lakini Jumatatu tusipokukuta na pasi tunahamia kwingine. Zile sare zao nyeupe ndizo zinazonilisha, baba. Na Jumatatu ni keshokutwa!" Minong'ono. Sauti: "Haki yake!")

Shangazi, malalamiko yako nimeyapokea na nimeyapenda. Yamepangika vizuri. Niseme tu kwamba tatizo lako limefikia hatua nzuri sana, hatua ambayo matatizo mengine yanaitamani. Wauguzi hao nawapongeza kwa uvumilivu, na nawasihi waendelee kuvumilia, kwani uvumilivu ni mtaji, na ni mdogo. (Shangazi: "Na hiyo mikunjo yenu unayoiundia kamati! Makoti ya idara nzima nilikuwa nanyoosha mimi. Dereva wenu alikuwa anayaleta kila Ijumaa, na mkaa wake!" Ukumbi unalipuka kwa vicheko.) Hilo, Mwenyekiti, nadhani kamati ya mikunjo haikulifikia. Katibu, andika. Usiandike.

Tuendelee. Naomba nyote mtazame meza hii. Chini ya kitambaa hiki cha buluu ndimo ulimo mradi. Si sehemu ya mradi, wote. Utaratibu ulikuwa kwamba Mheshimiwa mwenyewe akifunue, lakini kwa kuwa naona watu wa nyuma wameanza kutafuta viatu vyao, Katibu, funua! (Kitambaa kinaondolewa. Mezani kuna pasi ya mkaa, nyeusi, mpini umezungushiwa waya na kitambaa cha kijani. Kijogoo cha chuma cha kufungia kifuniko hakina kichwa.)

(Shangazi: "Jogoo wangu!")

Nani kasema wangu? (Kinyozi: "Hiyo pasi nani asiyeijua? Ilinichomea suruali ya harusi!" Shangazi: "Wewe ulileta mkaa wa kurusha cheche, nikakuonya, ukaniambia bibi harusi anasubiri! Mkurugenzi, huo waya aliufunga marehemu mume wangu, kwa koleo la kuazima, na koleo lenyewe tulilirudisha siku ileile. Sisi tukiazima tunarudisha.")

Pole na msiba, Shangazi. Lakini tusichanganye mambo. Zamani ilikuwa pasi yako, kwa sasa ni kielelezo. Tazama ubavuni, imeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na kitu kikishaandikwa namba ya ofisi, mwenyewe hubaki kumbukumbu. Wala usidhani milango imefungwa. Kwa sasa unatimiza vigezo vyote, maana huna pasi, kwa hiyo unaruhusiwa kabisa kuiomba hii. Kikwazo, na nakisema kwa uchungu, ni kwamba ukishapewa utakuwa na pasi, na mwenye pasi hapewi, kwa hiyo tutalazimika kukupokonya papo hapo ili ustahili kupewa. Wataalamu wamekadiria kuwa shughuli hiyo inaweza kuendelea bila kukoma, na hiyo ndiyo maana halisi ya mradi endelevu. (Kicheko, miluzi. Mzee wa mbele: "Mpe mama wa watu pasi yake, twende nyumbani!")

Samahani, Katibu ananinong'oneza. Gari limeonekana linakata kona. Mheshimiwa! Na mpiga picha yumo ndani! Tulieni, kaeni wima, na Katibu ananikumbusha kuhusu koti. Naam. Picha hii itatundikwa. Je, katika mkusanyiko huu mkubwa, yupo mtu mwenye uwezo wa... (Ukumbi mzima unageuka kumtazama Shangazi. Shangazi hasogei: "Koti na mkaa wake.") Shangazi, mimi ni Mkurugenzi. ("Na mkaa wake.") Nitakuandikia barua. (Kinyozi: "Barua haiwaki, mzee!") Basi, mkaa upo jikoni kwa Kamati Ndogo Zaidi ya Chai. Kinyozi, kimbia, leta uliokwisha kushika moto. Chai itasubiri.

Wananchi, mnachokiona sasa si dharura. Hili lilipangwa tangu mwanzo, ni onyesho la vitendo. Mnufaika anapanda jukwaani. Anaishika pasi. Tazameni anavyomfungua yule jogoo kwa kidole kimoja bila kujiunguza. Anaipungia upepo, makaa yanacheka, anatandika kitambaa cha buluu juu ya meza, na koti langu hilo linalala kama mgonjwa aliyekubali. (Shangazi: "Na shati. Hilo shati ni aibu zaidi.") Na shati? Haya, na shati. (Miluzi. Mkurugenzi anabaki na fulana.) Hilo tundu ni la hewa. Mnausikia mradi unavyopumua? Mwenyekiti, naona nawe unavua. Vizuri, lakini panga foleni. Makamu, acha kumsukuma Mwenyekiti. Dereva, na ninyi maafisa wangu wa nyuma, nani kawaambia? Takwimu za papo hapo: makoti ya idara nzima yamefika mezani, mikunjo inapungua kwa kasi ambayo hakuna semina imewahi kuifikia, na ninaweza kusema, mbele yenu, nikiwa na fulana, kwamba mradi huu unafanya kazi. (Makofi ya kweli. Vigelegele.)

Katibu, mbona unanivuta? Sema kwa sauti, nimekwisha kuvua mengi, sina cha kuficha. (Katibu, karibu na kipaza sauti: "Lile gari ni la mikate." Mkurugenzi: "Mheshimiwa je?" Katibu: "Hakupewa habari. Barua ya mwaliko iko mezani kwako, inasubiri sahihi.") Ahaa. Basi tuseme kwamba Mheshimiwa yupo nasi kwa moyo, kwa kadiri moyo wake unavyoweza kuwa mahali usipopajua.

Shangazi, unakwenda wapi? (Shangazi yuko mlangoni, pasi mkononi, na kichwani furushi la makoti lililofungwa kwa kitambaa cha buluu: "Barazani kwangu. Makaa ya chai yamezimika na makoti hayajaisha. Jumatatu wauguzi kwanza, kisha ninyi.") Shangazi, ile ni mali ya... ina namba ya... ("Namba nitaifuta kwa majivu, baba. Inatoka.") Koti langu, basi! Koti langu lina hotuba! Ukurasa wa mwisho uko mfuko wa ndani!

(Mlango unafungwa.)

Sawa. Sawa. Kiongozi hatetereki. Nitamalizia kwa kichwa. Wananchi, naomba tuitikie kaulimbiu zetu. Mtaji mdogo! (Watu wanautazama mlango.) Mtaji mdogo! (Kinyozi: "Fulana kubwa!") Anzia ulipo! (Mzee wa mbele: "Sisi tulianza zamani. Anza wewe.") Pamoja tunanyooka! (Watu wanaanza kutoka.)

Yamebaki maneno ya shukrani, ambayo yaliandikwa vizuri sana kwenye ule ukurasa. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao, ukurasa ungenisaidia hapa, kwa sababu bila ukurasa sikumbuki kama walikuwapo. Namshukuru mhasibu wa mfuko kwa kuulinda mfuko hata ulipokuwa hauna sababu ya kulindwa. Nawashukuru wanufaika mia tatu, ambao kati yao nimepata kumwona mmoja, na yeye tulichomfanyia ni kumpokonya pasi. Mwenyekiti, usinikanyage, mguu wenyewe hauna joto. Ninyi mliobaki mmekuwa wavumilivu, na mimi nina baridi, kwa hiyo niwaambie kama mtu anavyowaambia ndugu zake: mradi huu haukuwahi kuwapo. Kilikuwapo kitambaa. Tulikinunua kwanza, kizuri, tukakipenda, kisha tukaanza kutafuta cha kuweka chini yake, na katika idara nzima hakikuwapo kitu, ndipo Katibu akasema, kuna ile pasi ya yule mama. Na sasa kitambaa nacho kimekwenda kubeba makoti.

Asanteni kwa kunisikiliza, na mfike salama. Kinyozi, ndugu yangu, wewe ngoja kidogo. Wewe ni mwenyeji hapa. Hebu nielekeze: kopo la mkaa, mtaani kwenu, mtu analipata wapi?