Binti Yangu na Pikipiki Isiyo na Breki

Jumanne, tarehe 4
Namshukuru Mungu, tumeamka salama. Baba watoto hajambo, kikohozi kimempungua. Mama mkwe hajambo, uji kaumaliza. Kitinda mimba hajambo, kaenda shule na viatu vyote viwili. Binti yangu mkubwa naye hajambo, ila kaniambia pikipiki yake ya mashindano haina breki. Haina! Nikauliza, zimeibwa? Kacheka, eti ndivyo zinavyotengenezwa. Gia moja, kona zote kushoto, mguu mmoja unaburuzwa kwenye vumbi. Roho yangu mie!

Alhamisi, tarehe 6
Fundi wake kanieleza taratibu, abarikiwe. Wanatoka wanne wanne, mizunguko minne. Wa kwanza pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anakula vumbi. Mbio zikiisha, wanne wenye pointi nyingi wanaingia fainali. Na pale wanapoanzia kuna utepe. Anayeugusa kabla haujaruka juu, anatolewa. Anatolewa mzima! Nimelala natabasamu.

Jumamosi, tarehe 8
Nimempelekea mtangazaji wa mashindano chai, juu kwenye kibanda chake. Kijana mwema, kashukuru sana, kageuka kutafuta sukari. Chini pale, kwenye utepe, binti yangu na Bonge, mtoto wa jirani aliyekulia jikoni kwangu. Mbio za mwisho kabla ya fainali. Nikavuta kipaza sauti, nikaita kama ninavyoita nyumbani: we mtoto, njoo hapa sasa hivi!
Akaruka mmoja. Utepe shingoni. Bonge!
Binti yangu hata kofia haikutikisika. Nilisahau: tangu azaliwe hajaitika mwito wa kwanza. Bonge nje. Binti kashinda, kaingia fainali. Lo!

Jumapili, tarehe 9
Mama Bonge mlangoni asubuhi. Nikajua leo napigwa. Kasema wake angalau akiitwa anaitika. Bonge mwenyewe kanipa pole mimi, kasema mama akiita, yeye angefanyaje? Nimelia. Nimemkaangia mayai, hakubakisha.
Kwenye fainali Mama Bonge kaukalia mkono wangu nisinyanyuke. Binti kawa wa pili! Kashuka na tope mpaka kwenye meno, na meno yote yapo, nimeyahesabu. Asante Mungu. Asante fundi, asante Bonge, asante Mama Bonge kwa uzito wako. Hata ile pikipiki nimeipangusa. Nimeapa sitaingilia tena.

Jumatatu, tarehe 10
Kumbe wa kwanza na wa pili wanakwenda raundi nyingine Jumamosi hii, uwanja mkubwa zaidi. Mkubwa maana yake mbio zaidi! Nimewaza wakati nafua. Mpango ulikuwa mzuri, sauti ndiyo haikufaa. Duniani hapa binti yangu humwitikia mtu mmoja tu, shangazi yake, tena anakuja mbio. Nimemtumia ujumbe: Wifi, hujambo? Sisi wazima, tunashukuru. Jumamosi usipange safari. Chai nitapika mimi, kazi yako ni kuita tu. Nijibu haraka.