Prosesa Yenu Mpya Haisubiri Salamu Ziishe

Kasingirima, Kigoma
Juni 2002

Ndugu Mhandisi Mkuu wa Prosesa,

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Habari za nyumbani, za watoto, za mvua? Unaona, hata mifugo sijaifikia, lakini kompyuta yenu mpya ingekuwa imeshawaka na kunihimiza. Hiyo ndiyo shida yangu.

Mimi ni Melania, mwenye kibanda cha kuchapa. Kila Jumamosi hunijia Jean de Dieu, mkimbizi wa Burundi anayefundisha kambini, kuchapisha mtihani. Kila wiki mtihani! Watoto wa watu wanateseka, nami nafurahi. Ni mtu wa adabu, hatamki neno zito kabla salamu hazijakwisha. Na neno zito analo, naona linavyomkaba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Prosesa ya zamani, huo ubongo wa kompyuta, ilikuwa na heshima zake. Ilimaliza jambo moja ndipo ishike jingine. Hadi iwake, tulikuwa tumeshasalimiana mpaka kwa mbuzi wa shangazi yake.

2. Hii mpya, kwa maelezo ya fundi Anatoli, kila kazi mmeikata vipande vingi vidogo ili iende mbio. Tena inabashiri jambo lijalo kabla halijaamuliwa, na ikikosea inatupa yote na kuanza upya. Jamani! Mimi nami nimebashiri tangu Pasaka, na gauni la harusi nimeshashona. Nikikosea nalitupa wapi?

3. Kwa mbio hizo inakula umeme na kuchemka, na feni yake inanguruma hadi "amakuru" ya mwalimu, yaani "habari" ya kwao, naisikia nusu.

4. Jumamosi iliyopita mtihani ulitoka salamu zikiwa bado kwa babu yake. Akashukuru, akaondoka. Mwezi ujao anarudi Burundi. Ndugu Mhandisi, nitaachwa kwa sababu ya kasi!

Naomba kizazi kijacho kiwe cha polepole. Ikishindikana, wekeni kitufe cha kuichelewesha mpaka wageni wamalize kusalimiana.

Nisalimie mafundi wote, wazazi wao, majirani zao, na mifugo kama mnafuga.

Wako mwenye haraka ya kucheleweshwa,
Melania Bonifasi

N.B. Sijaituma barua hii, na leo prosesa imechemka ikajizima yenyewe. Anatoli akasema tuiache ipoe. Ikapoa taratibu, Mungu awabariki! Jean de Dieu kwa salamu akafika hadi kwa mbuzi, akawapita, akaanza kusema kwamba kurudi kwao peke yake hawezi. Basi ombi langu nalifuta. Kizazi kijacho ongezeni kasi, ongezeni na moto. Hata kule kubashiri sasa nakuelewa, maana nilijibu ndiyo kabla hajamaliza kusema.