Jinsi Nilivyomfundisha Ejona Kusoma

Jumatatu, 8 Mei

Sijui shajara huanzwaje. Nimezoea barua tu, basi naanza kama barua. Hujambo, shajara? Sisi huku mjini Gramsh hatujambo. Mama mkwe wangu, Bibi Hanife, hajambo ila goti, na goti lenyewe lina habari ndefu kuliko za sisi wote. Mume wangu Agron hajambo, yuko Ugiriki anapiga plasta nyumba za watu, salamu zake huja kwa simu. Rejan mdogo hajambo, ameota jino na amelijaribu kwenye kidole cha bibi yake. Ejona hajambo, yuko darasa la kwanza, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mimi sijambo kwa nje tu.

Leo mkutano wa wazazi. Mwalimu Vjollca katangaza Sherehe ya Herufi: tarehe ishirini na sita, ukumbi wa mji. Kila mtoto atavaa taji la herufi yake, apande jukwaani, asome ukurasa mzima mbele za watu. Kasema kazi yetu wazazi ni ndogo. Jioni mtoto akae karibu, asome kwa sauti, sisi tusikilize. Robo saa. Basi.

Basi? Haiwezekani! Kuna siri wanayoambizana waliosoma. Lumturi, jirani yangu wa ghorofa ya chini, alikuwa anaandika mfululizo. Nikachungulia. Anachora maua. Anajifanya! Mwanawe Eraldi anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Mimi niliishia darasa la nane, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa nyuma ya kondoo. Nikisoma, kidole kinatangulia, macho yanafuata. Ejona akikwama jukwaani, ukumbi mzima utageuka unitazame mimi. Watasema kamrithi mamaye. Heri goti la Bibi Hanife.

Jumatano, 10 Mei

Bibi Hanife ana dawa. Kasema ubongo hulishwa kwa ubongo. Nikanunua kichwa cha kondoo, nikachemsha, nikamwambia Ejona ni jibini ya aina mpya. Akala vijiko viwili. Akauliza mbona jibini ina makunyanzi. Bibi Hanife, ambaye hajui kunyamaza, akamweleza. Kilio! Rejan kamaliza sahani yote. Sasa yeye ndiye mwenye akili, na hajui hata kusema "maji".

Jioni nilikuwa nasukuma unga wa byrek, pai yetu ya tabaka, zile shuka nyembamba zinazotaka mikono na macho. Ejona kakaa juu ya gunia la unga na kitabu chake, ananisomea mambo ya mbweha. Mimi "ehe", "ehe, kisha?" Akikwama nanyamaza, maana na mimi sijui mbele kuna nini. Nilitaka kweli kujua kama mbweha alitoka kisimani. Lakini hivyo ndivyo jioni zangu zinavyopotea! Byrek hii hainiachii muda wa kumfundisha mtoto.

Ijumaa, 12 Mei

Nimepata njia. Eraldi kaniuzia siri kwa peremende: kasema Ejona atapewa ukurasa wa mbayuwayu. Siku mbili tumeukariri, bafuni, mezani, kwenye ngazi. Leo asubuhi kautoa darasani bila kupumua. Mwalimu Vjollca kampongeza, kisha kamwomba ageuze kitabu, alikishika kichwa chini. Tena ulikuwa ukurasa wa trekta.

Mwalimu kanipigia simu. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloumiza. Kasema kurasa zitachaguliwa kwa kura siku hiyo hiyo ya sherehe, kila mtoto atie mkono kofiani. Kaniuliza kama Ejona husoma nyumbani. Nikasema tunajitahidi, ila byrek.

Yule Eraldi nimemdai peremende zangu. Kasema zimeshayeyuka.

Jumapili, 14 Mei

Jamani, akili ni nywele! Tulikuwa kwenye matembezi ya jioni na mji mzima, barabara kuu, kwenda na kurudi. Nikaziona nguzo. Matangazo ya misiba! Herufi kubwa, nyeusi, bila malipo, na watu hawakomi kufa, kwa hiyo kila siku somo jipya. Nikamsimamisha Ejona mbele ya nguzo. Akasoma: kwa masikitiko makubwa tunawatangazia. Pole pole, lakini kwa ufasaha! Watu wakapunguza mwendo. Bibi mmoja akamshika kichwa, akajifuta machozi. Lumturi akapita na ice cream, akaniuliza kama tunatafuta mtu.

Cheka tu, shoga.

Jumanne, 16 Mei

Sijui niandike vipi.

Nguzo ya karibu na duka la mikate, tangazo jipya. Nilikuwa upande wa pili wa barabara na Rejan begani. Ejona ni mfupi, akaanza kusoma chini, pale macho yake yalipofika. Akapaza sauti: mama, Refat Kodra! Nikamwambia arudie. Refat Kodra! Baba mkwe wa Lumturi! Mzee niliyemsikia jana tu akiwatukana paka!

Ningevuka nikasome mwenyewe. Lakini pale dukani kulikuwa na foleni, na mimi sipeleki kidole changu kwenye nguzo mbele ya foleni.

Nikafunga kitambaa cheusi, nikachukua kahawa na sukari kama ilivyo ada, nikagonga milango ya jengo letu, wakinamama wakajiunga. Tukashuka ngazi tunalia. Mlango ukafunguliwa. Macho chini, nikaushika mkono wa mfiwa, nikasema pole sana, Mungu awabakishie uzima, alikuwa mtu wa watu.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mzee Refat."

"Na mimi husikia hivyo hivyo."

Ni yeye! Kavaa fulana na suruali ya kulalia, viazi bado mdomoni. Aliyekufa ni binamu yake wa kule milimani, mzee wa miaka tisini na kitu, kaandikwa juu kabisa. Refat alikuwa chini, kwenye orodha ya wafiwa. Wakinamama wote wakanitazama mimi. Mzee kaipokea kahawa. Kasema hairudishi, mtu hujiwekea akiba. Kisha akanirudisha mlangoni, anataka kusikia tena ile ya mtu wa watu.

Alhamisi, 18 Mei

Jioni mlango ukagongwa. Lumturi. Nikajua nimekwisha. Kasimama pale na uso mkavu, kasema, "We Majlinda, baba mkwe anauliza arobaini yake ni lini, ana safari ya Durrës na hataki kuikosa." Akaanza kucheka hadi akashika mlango. Na mimi nikacheka, nifanyeje.

Ejona alikuwa juu ya gunia lake, hajaacha kusoma. Dubu na mzinga wa nyuki. Lumturi akasimama akasikiliza ukurasa mzima. Mimi "ehe, kisha?" na unga hadi viwikoni. Mwisho akaniuliza taratibu kama kila jioni huwa hivi. Kasema Eraldi hataki kumsomea, kila akikosea yeye humdakia, na mtoto siku hizi anasoma chooni amejifungia.

Niliona aibu mno. Nikamwambia hapana, hapa tunapoteza muda tu, kufundisha hasa bado hatujaanza.

Ijumaa, 26 Mei

Sherehe. Ukumbi umejaa. Simu juu, maua, keki ya herufi. Bibi Hanife kapata kiti cha mbele kwa sababu ya goti. Mzee Refat pembeni yake, anawasalimia watu wanaomgusa kuhakikisha.

Ejona na taji la E. Akatia mkono kofiani, akatoa ukurasa wa sungura aliyepoteza kofia yake.

Akasoma kwa sauti ya nguzoni! Nzito, taratibu, na kila akitaja jina la sungura anatua na kuinamisha kichwa. Nyuma yangu mtu akapenga kamasi. Mzee Refat akasimama kwa heshima, wengine wakamfuata. Ukumbi mzima wima kwa ajili ya kofia ya sungura!

Katikati akakwama. Neno moja refu. Midomo inatikisika, haitoki kitu. Akainua macho akanitafuta kati ya vichwa vyote vile.

Na mimi, Mungu nisamehe, nikasahau niko wapi. Nikasema kwa sauti yangu ya jikoni: "Ehe, kisha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ejona naye akacheka, akaliangalia lile neno tena, akalikata vipande, akalitamka lote. Akamaliza bila kusimama, na ile sauti ya msiba haikurudi. Makofi! Nililia hadi Rejan akaogopa.

Alisoma, mwanangu. Alisoma! Ila mimi nimejiaibisha, kupiga kelele ukumbini kama niko kwenye unga.

Jumapili, 28 Mei

Mwalimu Vjollca kaja kunywa kahawa. Anataka Septemba niongee na wazazi wapya wa darasa la kwanza, niwaeleze nilivyomsaidia Ejona. Mimi! Kasema alimuuliza mtoto, naye akamjibu kwamba humsomea mama akisukuma unga. Kasema niwaambie hilo hilo, halihitaji kuongezwa kitu.

Mwanamke mwenye huruma sana. Ananifichia aibu.

Nimeshamwandikia kaka yangu Shpend aliyeko Patra, yeye alimaliza sekondari. Nimemwambia: kaka, salamu nyingi, sote wazima, nitungie hotuba. Tia maneno makubwa, yale ambayo mtu akiyasikia anakaa vizuri kwenye kiti. Tia ubongo wa kondoo, tia nguzo, ila mzee Refat mruke. Habari ya unga iondoe kabisa, wasije wakadhani sikufanya lolote. Lumturi ameniambia atakaa mstari wa mbele na kalamu. Septemba ni kesho, kaka. Jibu upesi!