Maoni ya Watu Kuhusu Wegesa

Jumatatu, 4 Machi 1985

Mwalimu Boniphace wa kisomo cha watu wazima karudi kutoka mjini na kaunta buku moja. Mpya! Jalada gumu. Madukani hakuna hata karatasi ya kufungia chumvi, yeye kaipata. Kasema atampa mwenye wazo zuri la riwaya, maana darasani tuko wawili tunaotaka kuandika, mimi na Selestina. Lakini kwanza kila mmoja awasimulie watu wazo lake, aandike maoni yao, alete Jumamosi. Selestina kanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza. Huwaga hivyo. Herufi zake zinalala kama walevi.

Wazo langu hili: Wegesa, binti wa pekee, anampenda mvuvi wa dagaa wa Kiriba. Mvuvi ana wavu, hana ng'ombe hata mkia. Baba anataka ng'ombe thelathini. Binti afanyeje? Sijui. Ningejua ningeuliza watu?

Jumanne, 5 Machi

Nimemsimulia dada yangu Dafroza. Kasema nzuri. Katekista naye, nzuri. Mama wa jirani kasema nzuri, huku anaangalia sufuria yake.

Nzuri, nzuri! Hata uji usio na sukari mtu anausifu akiwa mgeni. Wananiheshimu kwa mvi. Mtu akijua ni hadithi tu, anakudanganya. Basi sitasema ni hadithi. Nimesoma kisomo miaka minne tu, lakini akili nilizaliwa nayo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepanda lori mpaka Bunda, mnadani. Nikakaa karibu na wazee wa ng'ombe. Nikahema kwa uchungu. Wakaniuliza nina nini. Nikasema kuna binti kwangu, Wegesa, kanishinda, anataka mvuvi.

Wacha wachangamke! Mmoja kauliza kama analima. Mwingine kauliza urefu. Wa tatu kasema mvuvi leo anakula sangara, kesho analala njaa, mwenye ng'ombe kila asubuhi anawakuta zizini. Mzee Keraryo wa Butiama, mwenye kofia ya pama, kauliza mara tatu kwangu ni wapi. Nikamwambia Bweri, nyuma ya kanisa. Msomaji makini yule.

Maoni yote nimeyaandika kwenye mfuko wa sementi.

Ijumaa, 8 Machi

Selestina kapita makusudi. Kanionyesha maoni ya watu saba, mmoja nesi. Hadithi yake ni ya msichana mtiifu anayewasikiliza wakubwa mpaka mwisho. Nikamuuliza, halafu? Kasema ndiyo hiyo. Nikamwambia mbuzi aliyefungwa naye hutulia hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nilikuwa natafuta kanga ya kwendea darasani. Hodi. Mzee Keraryo! Na wazee wawili. Na kijana wa ndugu yake, kavaa koti la watu, mikono mirefu. Wamekuja kuposa.

Ningesema nini? Nikawapikia chai kwa sukari yote niliyoipangia foleni wiki mbili. Wakaomba kumwona binti. Nikasema yuko bombani. Wakangoja. Nikasema labda kapitia shambani. Wakangoja. Chai ya pili haikuwa na sukari, wakanywa kwa adabu.

Ndipo Keraryo akataja ng'ombe kumi.

Kumi! Kwa Wegesa! Nikasahau kila kitu. Nikamwambia mzee, huyu si mtamba kilema, huyu kamaliza darasa la saba. Akasema kwani mvuvi kaleta wangapi? Nikasema mvuvi kaleta tabia njema. Tukavutana mpaka jua likapanda. Tukafika kumi na nane na mbuzi wa bibi.

Mara Mwalimu Boniphace huyo, na Selestina nyuma yake, wamekuja kuangalia kwa nini sijafika darasani. Wakasikiliza mlangoni. Selestina akacheka.

“Wegesa yupi, bibi? Yule wa hadithi yako?”

Keraryo akaweka kikombe chini.

“Mama, binti yupo au hayupo?”

“Yupo,” nikasema. “Ila bado sijamwandika.”

Akavaa kofia, akasimama. Nikajua jina langu limekwisha kuanzia Bweri mpaka Butiama. Akafika mlangoni, akageuka.

“Nimetoka Butiama alfajiri. Siondoki bila kujua anaolewa na nani.”

Akakaa. Nikawasimulia yote, na baba mwenye kutaka ng'ombe thelathini. Hapo ndipo vurugu ikaanza. Wazee wakasema mvuvi alipe kidogo kidogo. Keraryo akasema baba ni mjinga, anauza kwa hasira. Kijana, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu afike, akasema mwacheni aende na mvuvi wake, hata yeye ana mchumba wake huko kwao ambaye wazee hawajamuuliza. Wazee wakamgeukia yeye!

Mwalimu akaniwekea kaunta buku mapajani. Kasema hajawahi kuona wasomaji wanaokuja kwa miguu yao. Kanionya siku nyingine niwaambie watu mapema kwamba natunga. Nikakubali, maana kaunta buku nilikuwa nimeishika tayari.

Selestina kaondoka bila kuaga. Leo nitalala vizuri sana.

Jumanne, 12 Machi

Nimeandika kurasa tatu. Nataka baba yake Wegesa afe sura ya pili, lakini sijui kama watu watalia. Kwa hiyo asubuhi, bombani, nimewaambia wanawake kwamba binamu yangu Machage wa Murangi kafariki.

Wamelia vizuri. Selestina kawashinda wote, kasahau hata ugomvi wetu. Sasa wanachanga unga na kuni, na katekista kapata lori la kutupeleka msibani mchana huu. Machage mwenyewe nadhani yuko ziwani anavua kamongo.

Nitawaambia tukifika. Kwanza nisikie watamsemaje njiani. Penseli nimeichonga.