Chupa Hazina Ukoo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Majina yametoka. Afisa Udhibiti wa Soko la Nishati, Daraja la Pili. Nafasi mbili. Walioitwa kwenye mchujo ni mia nne na kumi na wawili, na mimi ni wa mia tatu tisini na sita. Nimehesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Mwaka wa tatu huu tangu nihitimu uchumi. Nalala kwenye stoo ya duka la mama mdogo Paskazia hapa mjini, Majengo, katikati ya magunia ya uwele na mtama. Nikipiga chafya asubuhi, makapi yanaruka. Na kuna lile kosa la mwezi wa pili. Nilimwambia mjomba Bartolomayo, kule Haneti, kwamba Mamlaka ya nishati wameshanichukua, yamebaki makaratasi tu. Alikuwa ananiuliza kila wiki, nikachoka. Mjomba ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na ndiye aliyenisomesha. Habari hiyo akaitangaza kanisani.

Devota, niliyesoma naye chuo, naye ameitwa. Amenialika tujisomee pamoja, anayo maswali ya miaka ya nyuma. Nikamjibu kwamba nina utaratibu wangu. Sina. Ila kukariri ni kwa watu wasio na akili ya ziada. Mtu huajiriwa kwa kujulikana. Basi nitajulikana.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata! Kazi ya Mamlaka ni kudhibiti. Nikiwapelekea ripoti ya uvunjaji wa sheria, chini nikaweka jina langu na namba ya usaili, watasema huyu ameanza kazi kabla ya mshahara. Tatizo ni kwamba uvunjaji ninaoujua kwa uhakika ni mmoja tu: petroli inayouzwa kwenye chupa za maji pale Haneti, karibu na kijiwe cha bodaboda. Muuzaji ni mjomba.

Nimewaza ndani ya basi la kwenda Haneti njia nzima. Picha itaonyesha chupa tu, na chupa hazina ukoo. Isitoshe, serikali kujibu barua ni miezi sita. Wakati huo nitakuwa ndani, faili litapita mezani kwangu, nitalimaliza kimya kimya. Kwa hiyo, ukiangalia vizuri, namlinda mjomba.

Alifurahi kuniona. Nikampa shikamoo, akanichinjia kuku. Nikamwomba asimame kando ya benchi lake la chupa nimpige picha, kumbukumbu ya kabla sijaanza kazi. Akaingia ndani kuvaa koti. Kwenye basi la kurudi nimemkata pichani. Kimebaki kiwiko.

Jumatano, 10 Septemba

Ripoti imefika. Kurasa nne, na neno "tija" nimelitumia mara tisa. Dada wa masjala, Mwamvua, aliuliza kama hayo ni malalamiko au ni maombi ya kazi. Nikasema ni vyote viwili. Akaniangalia kidogo, akagonga muhuri wa kupokelewa. Nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Ijumaa, 12 Septemba

Mjomba amepiga simu asubuhi. Wamekuja.

Siku mbili! Maombi yangu mengine ya kazi yana mwaka na nusu, hata moja halijajibiwa, lakini hili wamelijibu kwa siku mbili. Wamebeba mapipa mawili, faneli, chupa zote na benchi. Mjomba anasema hawakumwonea, ni watu wastaarabu, hata walimwamkia. Walimweleza habari za moto, akakiri kwamba huwa anavuta sigara pale pale. Kinachomkosesha raha ni Ruthu, binti yake, aliye bweni Mpwapwa. Ada ya Ruthu ilikuwa inatoka kwenye yale mapipa. Kama ilivyotoka yangu.

Halafu akaniomba niongee na wenzangu. Ameshawaambia kwamba mpwa wake Raphael yuko huko huko Mamlaka. Wakaliandika jina.

Nikasema nitaongea nao. Nimelala chali juu ya magunia hadi adhuhuri. Naona aibu. Mama mdogo amenipa uji wa ulezi na kuniambia mtihani ni kesho, nisiogope. Ndio kwanza nikakumbuka kwamba kuna mtihani.

Jumamosi, 13 Septemba

Mchujo. Upepo na vumbi, foleni imezunguka ukumbi. Suti niliyoazima ilikuwa nyeusi asubuhi. Devota alikuwa mbele yangu, akauliza kama najua namna bei kikomo ya petroli inavyojengwa. Nikasema bila shaka. Hata hivyo akanieleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa: gharama ya kuagiza nje, usafiri, kodi, faida ya jumla, faida ya rejareja. Likaja swali hilo hilo, alama ishirini.

Jioni matokeo. Wanaovuka ni kuanzia hamsini. Nimepata hamsini. Devota themanini na moja. Tumebaki sita. Ripoti imeanza kufanya kazi.

Jumanne, 16 Septemba

Mahojiano.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti akaniuliza mgongano wa maslahi ni nini, nitoe na mfano. Nikaona mlango umefunguka. Nikasema mfano ni mimi hapa: nimemripoti mjomba wangu wa damu kwa ajili ya taifa. Nikawatazama mmoja mmoja ili iwaingie.

Iliwaingia. Mwenyekiti akafunua faili, nikaiona ile picha ya chupa. Akauliza ni ukurasa gani nilipotaja undugu huo. Nikasema sikuutaja, kwa kulinda heshima ya familia. Akaandika kitu. Akauliza imekuwaje mjomba huyo akawaambia wakaguzi kwamba mimi ni mtumishi wa Mamlaka. Nikasema ni mzee, husikia vibaya. Mama aliyekaa pembeni akauliza ni nani alikuwa anajaza zile chupa. Nikasema ni mimi, tangu darasa la tano, na sikuwahi kumwaga hata tone. Nililisema kwa fahari. Mungu wangu, nililisema kwa fahari.

Mama huyo akauliza sasa mjomba anaishi kwa kutegemea nini. Nikakusanya vyeti vyangu. Wakaniambia nenda salama.

Jumatano, 1 Oktoba

Waliochaguliwa: Devota, na kijana mmoja wa Mpwapwa. Devota amenipigia kunipa pole, na kuniambia maswali yake anaweza kuniachia. Nikamwambia asijisumbue.

Mchana akaja mjomba. Amekuja mjini kusaini barua ya onyo, hawatampeleka mahakamani. Alivaa lile koti, kwapani ameshika jogoo. Ruthu yuko nyumbani tangu juma lililopita, anachunga mbuzi. Nikaanza kueleza jinsi nilivyoongea na wakubwa, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema huko ofisini wamemwonyesha picha. Ina chupa zake, na pembeni kuna kiwiko. Akaunyoosha mkono, akauangalia mkono wa koti. Akasema koti hili hulivaa Jumapili tu. Na Jumanne ile.

Sikuinua macho. Akasema jogoo ni wangu, nile vizuri, nimekonda. Akamuaga dada yake, akaenda kupanda basi.

Nimelia, wala si kidogo. Jogoo nimemfunga kwenye gunia la uwele, ananitazama tu. Nimeapa kwamba nikipata kazi, ada ya Ruthu ndiyo ya kwanza. Nimeapa pia kwamba maishani mwangu sitamfanyia tena ndugu jambo la namna hii.

Saa kumi. Tangazo jipya limetoka: Afisa Vipimo, Daraja la Pili. Nafasi nne. Nne! Sifa ni shahada ya uchumi, au inayofanana nayo. Wanataka vijana wenye uchungu na mlaji anayepunjwa sokoni.

Mama mdogo yuko mbele ya duka anawapimia watu uwele kwa sado lake, kopo lile la kupimia lenye kitako kilichobonyea kwa ndani. Ananiita nikanywe chai. Nimemwambia nakuja. Picha itaonyesha sado tu. Nimeshaipiga, nimeitazama mara tatu kuhakikisha, na safari hii hakuna kiwiko.