Chakula Kizito cha Sato wa Shemeji

Jumatatu, 2 Juni 2025
Siku ya kihistoria. Shemeji Getruda, dada wa mke wangu, amekubali. Kizimba chake cha sato ziwani kule Ilemela kitalishwa na mimi peke yangu. Mwezi ujao binti yake ana sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na ameshawaahidi wakwe kila meza sato mzima, mnene. Amesema sato wakikonda nisikanyage tena kwake. Watu wakubwa hatujibu vitu vidogo.

Jumatano, 4 Juni
Mapipa matatu uani, hapa Mkolani. Makombo ya kumbi za harusi: wali, ndizi, chapati. Natia hamira, nafunika, yanachacha. Hamira inazaliana humo, inakuwa protini. Naanika, nasaga, natengeneza punje. Wenzangu wanahangaika na dagaa na soya bei juu, mimi natumia kilichotupwa. Akili hizi sijui nilizipata wapi. Mke wangu Perez anasema nyumba inanuka kama kilabu cha pombe. Ameenda kuanika nguo kwa jirani.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeanza kulisha. Mayala, mlinzi wa vizimba, akauliza mbona punje zangu zinazama. Eti za dukani zinaelea, samaki wanapanda juu, unawaona wakila. Jamani. Za dukani zinaelea kwa kuwa ni hewa tupu. Chakula changu ni kizito, ndiyo protini yenyewe hiyo. Akasema tena kwamba wavu wa chini una matundu makubwa. Nikamtoa wasiwasi, sato hawawezi kupita pale. Nikamwaga ndoo nzima, na punde hapakubaki punje hata moja. Wamemaliza chote!

Jumamosi, 21 Juni
Gidion kaanza. Ndiye mvuvi aliyenibandika jina la Mzee wa Makombo. Siku hizi mtumbwi wake hautoki ubavuni mwa kizimba chetu. Anashusha ndoano, anapandisha sato wanene mmoja baada ya mwingine, huku akinipungia mkono. Wivu tu. Anachunguza siri yangu. Nimeongeza ndoo ya pili ili aone vizuri.

Ijumaa, 18 Julai
Tumevua kizimba. Sato ni vichwa na miiba. Shemeji akakaa kwenye jiwe, akalia. Akauliza kesho atawatazama vipi wakwe. Iliniuma, sifichi. Nikamshika bega, akautoa mkono wangu. Mayala akaeleza kwamba chakula kilipita wavuni kikaliwa na samaki wa nje, na wa nje wote anao Gidion. Shemeji akampigia Gidion papo hapo. Mimi nikaambiwa nisikanyage tena kizimbani.

Jumamosi, 19 Julai
Sendofu imefana. Kila meza sato mzima, mnene, wa Gidion. Wakwe wakauliza samaki hawa wamelelewa na nani. Nikasimama, nikajitaja. Ukumbi mzima makofi. Shemeji hakupiga, lakini alikuwa ameshika sahani.

Sasa nimejua kosa lilikuwa wapi. Kizimba! Kinawabana samaki. Wa nje, wenye nafasi, wamenenepa kwa chakula kilekile. Nimeondoka na ndoo nne za makombo, na Jumatatu naanza kulisha ziwa lenyewe. Gidion amejitolea mtumbwi wake, bure kabisa. Hatimaye ameniamini.